Matusi ya Halali

Unaisi alianza kumtukana Emori siku ileile aliyoajiriwa. Fomu zake zilikuwa bado mkononi, hajaonyeshwa hata msumari wa kutundikia kofia, msimamizi akamuuliza anatoka kijiji gani. Akajibu, Vunisei. Msimamizi huyo, Emori, mtu mzima mwenye kitambi na mvi za pembeni, akatabasamu kama aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Vunisei," alisema. "Kumbe wale wezi wa magimbi bado wanazaana."

Unaisi akampima kwa macho kuanzia gambuti hadi kofia. "Na wewe ni wa Nadelei. Nilikuwa najiuliza hii harufu ya pweza aliyelala inatoka wapi."

Wakapeana mikono, kazi ikaanza. Vunisei na Nadelei ni watani tangu enzi za mizimu, maana mzimu ulioanzisha kijiji kimoja ndio ulioanzisha cha pili, na ndugu wa namna hiyo hawawekeani adabu. Mtani wako anaweza kuingia uani akabeba kuku wako mchana kweupe, nawe ukabaki kucheka kwa uchungu. Anaweza kukuita nguruwe mbele ya mama mkwe. Ukinuna umeshindwa, na habari ya kununa kwako itafika kijijini kabla yako.

Kiwanda kilikuwa cha tangawizi, kando ya mto, saa moja kwa basi kutoka mji mkuu, Suva. Tangawizi changa ilimenywa, ikakatwa vipande, ikachemshwa kwenye shira mpaka ikang'aa, kisha ikapangwa kwenye trei na kuingizwa katika kikaushio. Ikitoka hapo iligaragazwa kwenye sukari, ikapelekwa Australia kwa watu wanaoitafuna na chai. Chumba cha kukaushia kilikuwa na wanawake ishirini na sita, na kwa miaka sita Unaisi ndiye aliyepanga trei humo.

Kwa miaka hiyo, kila jambo zuri lililobadilika chumbani lilianza kwa tusi. Unaisi angeona trei zinang'ang'ania vipande, basi angesubiri Emori apite, apaze sauti ili wote wasikie: "Emori, nyumbani kwako mnaosha vyombo kwa maji baridi? Ndiyo maana mnakula mihogo ya juzi iliyogandia kwenye sahani." Emori angejibu kwamba Vunisei hawana vyombo, wanakulia kwenye majani kama konokono. Wanawake wangecheka mpaka wakashika meza. Asubuhi iliyofuata kungekuwa na maji ya moto ya kuoshea trei, na hakuna aliyeuliza wazo lilikuwa la nani.

Na lisingeweza kupanda kwa njia nyingine. Ukiuondoa utani, Emori alikuwa mkubwa wa Unaisi kwa umri na kwa cheo, na kwao ni wa ukoo unaomsemea mkuu wa kijiji. Kumtazama mtu kama huyo usoni ukamwambia kwa upole, "Emori, hapa umekosea," ni kumvua nguo. Neno nguruwe lingeweza kupita, lakini neno umekosea lisingepita kamwe.

Ndipo akaja Bwana Moyle, meneja mpya.

Hakuwa mtu mbaya, lisemwe mapema asije akaonewa. Alitoka Brisbane na mabango manne na sanduku la bati lenye tundu juu. Bango kubwa lilisema KILA WAZO LINA THAMANI. Siku ya kwanza aliwakusanya wote, akawaambia, "Niiteni Russ." Wakatazama sakafu, na kesho yake wakamwita Bwana. Kwa imani yake, mwenye wazo huinua mkono, husimama, humtazama bosi machoni, husema, kisha hupigiwa makofi na picha yake hubandikwa ukutani. Hivyo ndivyo alivyolelewa na hivyo ndivyo alivyopanda cheo. Kosa lake lilikuwa kudhani dunia nzima imelelewa na mama yake.

Wiki ya pili alikuwa dirishani kwake, Unaisi akamtolea Emori uvivu kuhusu mafuta ya trei. "Hizi trei unazipaka mafuta kama mwali wa kwenda kuolewa! Sukari itashika wapi, wewe kichwa cha maganda ya mihogo? Nadelei mlipogawiwa akili mlikuwa mmeenda kuoga."

Bwana Moyle alisikia sauti tu, akamwita karani amtafsirie. Karani alikuwa binti aliyekulia mjini, mtiifu, akatafsiri neno kwa neno. Tafsiri ilikuwa sahihi kila mahali, na kwa ujumla wake ilikuwa uongo mtupu. Bwana Moyle akawa mwekundu shingo nzima, akatoa fomu ya malalamiko, akamwita Emori.

Na hapo Emori akafanya kosa ambalo angelifanya mtu wa Nadelei peke yake. Alidhani Mungu amemletea silaha. Kumshtaki mtani wako kwa wazungu, kwa karatasi yenye muhuri? Babu zake hawakuwahi kupata nafasi kama hiyo. Akakaa, akaandika kwa mkono wa kupendeza kwamba moyo wake umevunjika vipande saba, kwamba hali chakula, kwamba mkewe amemkuta akilia jikoni. Akasaini. Akashuka chumbani akiimba, akawasomea wanawake nakala, na Unaisi mwenyewe alicheka hadi machozi.

"Umeniweza, mtani," alisema. "Subiri zamu yangu."

Zamu haikuja. Ilikuja barua ya onyo, kwa jina lake kamili, ikisema kwamba akitoa lugha ya matusi tena kazini atafukuzwa. Ukutani, chini ya bango la mawazo, kukabandikwa sheria mpya: HESHIMA KAZINI.

Emori alipanda ofisini mbio kufuta malalamiko yake. Bwana Moyle akamkalisha, akamletea maji, akamwambia kwa huruma kwamba anaelewa, watu wanaonyanyaswa mara nyingi huogopa.

"Bwana, ilikuwa mzaha."

"Wanasema hivyo pia," Bwana Moyle alijibu, akamwekea mkono begani.

Emori alimkuta Unaisi kwenye bomba la kunawia. Safari hii hakuwa na la kuchekesha. "Nilidhani..." alianza.

"Ulidhani," Unaisi alisema, na akakomea hapo, kwa sababu karani alikuwa anapita. Aliumia. Hakuumia kwa kushtakiwa, aliumia kwa kulimeza jibu zuri kabisa lililokuwa limeshafika ulimini.

Tangu hapo chumba kikawa kimya. Wanawake walipanga trei, wakatoa trei, wakaenda nyumbani. Emori alipita katikati yao akisema "asubuhi njema" na "asante sana" kama mgeni wa heshima, na kila asante ilimchoma Unaisi kuliko ya jana. Sanduku la mawazo likafunguliwa mwisho wa mwezi, wakakuta kifungo cha shati, karatasi ya peremende na ombi la maombi kwa mgonjwa wa mtu. Bwana Moyle aliandika makao makuu kwamba watu hawa ni wapole na wachapakazi, ila hawana mazoea ya kubuni; karani akawanong'oneza wanawake.

Kisha tangawizi ikaanza kuharibika.

Vipande vilitoka vimeungua kingo na ndani vinanata. Wakapunguza moto, vikatoka vimelowa. Wakaongeza moto, trei za juu zikawa makaa. Kontena moja likarudishwa kutoka Brisbane. Fundi wa kikaushio akaja kutoka Suva, akafungua, akafunga, akasema mashine ni nzima. Bwana Moyle alikonda. Kila Jumatatu alisimama mbele yao, akauliza kama kuna mwenye wazo, lolote, asiogope, na kila Jumatatu walitazama sakafu.

Unaisi alikuwa anajua. Trei za kwanza za asubuhi zilitoka safi, za saa nne na kuendelea ndizo zilizonata. Masufuria ya shira huwashwa saa tatu. Na masufuria hayo, miezi miwili iliyopita, yalisogezwa ili wabebaji wasitembee mbali, yakawekwa chini ya tundu ambalo feni ya kikaushio huvutia hewa. Siku moja alitundika kofia yake ya kazi kwenye tundu lile. Saa mbili ilikuwa kavu. Saa tano aliikamua. Kikaushio kilikuwa kinakausha tangawizi kwa mvuke wa shira.

Aliyeyasogeza masufuria alikuwa Emori.

"Si uandike tu," alisema Kamla, rafiki yake Mhindi wa meza ya kuchambua, wakati wa chakula cha mchana. Kamla alikuwa amemkatia nusu ya roti yake, chapati ya kwao, kama kawaida. "Karatasi haina uso. Tumbukiza, nenda zako."

"Nimchome Emori kwa nyuma? Aitwe ofisini aambiwe kosa lako ni hili, asijue nani kasema?"

"Basi mwambie pembeni, taratibu."

"Taratibu ndiyo mbaya zaidi, Kamla. Mtu wa umri ule, nimvute pembeni nimhurumie?"

"Nyinyi watu," Kamla alisema akitafuna. "Kwetu mtu akikosea tunamgombeza, tunalia, tunakula. Kwenu lazima kwanza aitwe nguruwe."

"Ndiyo adabu yenyewe."

"Adabu hiyo itatutoa kazini."

Na kweli, Jumatatu iliyofuata Bwana Moyle hakuuliza wazo. Alisoma karatasi. Kama vipande havitatengemaa mpaka Ijumaa, chumba cha kukaushia kitafungwa, tangawizi itatiwa kwenye maji ya chumvi na kusafirishwa kwa mapipa, ikaushwe Brisbane. Alisema anasikitika, na alikuwa anasikitika kweli. Wanawake ishirini na sita, na wengi wao hawana mume wa kuegemea wala shamba la kutosha. Unaisi mwenyewe alikuwa akimsomesha mdogo wake uuguzi kwa mikono yake miwili.

Emori alikuwa amesimama kando ya kikaushio, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshayatafuta yote aliyoweza kuyatafuta, na hakuna wa kumsaidia. Alimtazama Unaisi mara moja tu, haraka, kisha akatazama pengine. Unaisi aliliona jicho lile, likamkasirisha. Miaka sita mtu huyu hakuwahi kukosa wa kumwambia ukweli, na sasa wamemnyang'anya kwa karatasi, halafu wanamwita asiye na mawazo. Potelea mbali, alijisemea. Kama ni kufukuzwa, wote wanafukuzwa Ijumaa. Bora yeye aondoke na kinywa chake.

Akavua glavu. Akasema kwa Kiingereza, makusudi, ili karani asipate kazi ya kutafsiri.

"Emori wa Nadelei."

Chumba kizima kiliinua vichwa. Kamla alifumba macho.

"Nimekunyamazia siku nyingi nikidhani utapona ujinga mwenyewe, kumbe unazidi. Wewe na pua yako hiyo, mtu angeweza kuanika nguo juu yake, hujanusa kitu? Hewa ya kikaushio inanukia shira. Umeyabeba masufuria ukayaweka chini ya tundu la feni, ukaketi ukishangaa mbona tangawizi haikauki. Bibi zako walikausha samaki juani, hawakuwakausha ndani ya supu. Ziba tundu hilo. Toboa ukuta wa upande wa mto, kule upepo unakoingia mkavu, kabla sijakuja kutoboa kwa kichwa chako, maana ni kigumu na hakina kitu ndani cha kumwagika."

Hakuna aliyecheka. Walimtazama Emori, na Emori alikuwa ametazama tundu la feni, na mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye masufuria ukiinama, taratibu, ukiingia ndani. Midomo yake ilicheza. Halafu kitambi kikaanza kutikisika.

"Nyamaza, mwizi wa magimbi," alisema. "Nilikuwa najua. Nilikuwa nawapima nione kama Vunisei kuna mtu wa kuona mvuke. Imewachukua miezi miwili. Kuku wangu angeona kwa wiki." Akageuka. "Leteni mkasi wa bati."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi barabarani. Watu walicheka wakilia, wakapigana mabega, na wawili tayari walikuwa wanakimbilia mkasi.

"Unaisi," alisema Bwana Moyle. Shingo ilikuwa nyekundu tena. "Ofisini kwangu. Kesho saa mbili."

Usiku huo Unaisi alilala vizuri kuliko alivyotegemea. Asubuhi alipopanda ofisini, mezani kwa Bwana Moyle kulikuwa na vitu vitatu: sahani ya tangawizi iliyokauka jana jioni, ya rangi ya asali, isiyonata hata chembe, cheti chenye jina lake na nafasi ya picha, na barua ya kumfukuza kazi.

"Nimekaa na jambo hili sana," Bwana Moyle alisema. "Wazo lako limeokoa chumba. Nataka litambuliwe. Lakini ulichomfanyia Emori mbele ya watu siwezi kukiacha. Nimezungumza na makao makuu. Ukisaini kwamba unakubali kosa na unaomba radhi kwa maandishi, barua hii inabaki kuwa onyo la mwisho, na cheti unapata. Wazo tunalipongeza, lugha tunaikemea. Nadhani ni haki."

Alimsogezea kalamu. Unaisi aliitazama kalamu, kisha sahani, kisha mtu mwenyewe, aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumpunguzia hasira hata kidogo.

"Sisaini."

"Ukikataa sina njia, Unaisi."

"Njia unayo, huitaki. Unataka wazo bila tusi. Hakukuwa na wazo bila tusi, Bwana. Ulikaa miezi miwili na sanduku lako likiwa tupu, ukasema hatuna vichwa. Tulikuwa navyo. Ulifunga mlango, ukasimama nje unauliza mbona hatutoki." Akasimama. "Cheti kibaki. Ukitaka kunifukuza, usinifukuze hapa juu na mlango umefungwa. Shuka unifukuze mbele ya trei zangu."

Akatoka, akashuka ngazi, akavaa aproni na kofia, akashika trei. Mikono ilijua kazi yake. Bwana Moyle alishuka nyuma yake, barua mkononi. Mashine ziliendelea kunguruma, watu wakaacha kazi. Tundu la zamani lilikuwa limezibwa kwa bati, na kwenye ukuta wa mto kulikuwa na tundu jipya lenye kingo zilizokunjwa vizuri, Emori bado amesimama pale na nyundo.

Bwana Moyle alilitazama tundu kwa muda mrefu. Labda alitaka kupata ujasiri wa kusoma barua. Labda alikuwa amechoka tu. Alipofungua kinywa alitoa swali ambalo kila bosi wa kwao angeliuliza, bila matusi, kwa sauti ya upole kabisa.

"Emori, ni wewe uliyahamisha masufuria. Umekuwa hapa muda wote. Ilikuwaje hukuliona kosa lako?"

Nyundo ilishuka polepole pembeni ya paja la Emori. Rangi ilimtoka usoni. Mzee mzima, msemaji wa mkuu wa kijiji chake, alisimama mbele ya wanawake ishirini na sita akitazama ncha za gambuti zake, na wanawake nao wakageuza nyuso ukutani wasimwone. Mmoja alijifunika mdomo kwa kona ya aproni. Bwana Moyle aliangalia huku na huku, haelewi amemwaga nini, lakini safari hii aliona kwamba kimemwagika.

"Angeonaje?" Unaisi alisema kwa sauti kubwa, akigongesha trei mezani. "Bwana, wewe hujafika Nadelei. Kule wanaume wakifikisha miaka hamsini macho yao hugawiwa mbwa wa kuwindia. Huyu alinyimwa hata mbwa. Sisi tunamshika mkono kumpeleka chooni."

Emori akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa chini ya maji, akainua kichwa.

"Na mnanipeleka choo kisicho, maana Vunisei hamjui choo ni kipi," alisema, na chumba kikalipuka, na rangi ikamrudia usoni huku kila mtu akiona.

Bwana Moyle aliona pia. Alisimama katikati ya kicheko asichokuwa na sehemu ndani yake, akamtazama Emori, akamtazama Unaisi, kisha Emori tena.

Unaisi alifuta mikono kwenye aproni, akaishika trei, akamsogelea mpaka ikabaki hatua moja kati yao.

"Hilo ni tusi la pili tangu jana," alisema. "Sikuomba radhi kwa lile na siombi kwa hili. Liandike nalo kwenye barua yako, nafasi ipo chini ya jina langu. Au niache nifanye kazi."

Alimsubiri. Chumba kizima kilimsubiri. Bwana Moyle alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akasogea pembeni ili Unaisi apite na trei yake.